Mtoto wa Darasa la Nne

Chini ya kituo cha masomo ya ziada palikuwa na duka la vioo. Kila asubuhi mafundi walitoa vioo vikubwa nje na kuviegemeza ukutani, jua likavipiga, likaruka, likaingia kwa dirisha la ghorofani na kutembea darini kama maji. Mzee Funguo alikuwa akisimama na ufagio wake mkononi, kichwa juu, mdomo wazi, mpaka mwanga ule umalize safari yake. Alikuwa mtu wa uchungu, na duniani hapakuwa tena na mambo mengi ya kumpendeza. Hilo lilimpendeza kwa kuwa halikuletwa na mkubwa yeyote.

Aliitwa Mzee Funguo kwa sababu ya rundo la funguo alilolining'iniza kiunoni kwa waya: vyumba vitatu vya kusomea, ofisi, choo, na lango la ngazi. Alifungua asubuhi, akafagia, akafuta ubao, akafunga jioni. Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna aliyelijua pale. Hata kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa nyuma ya mlango ameandikwa Mzee Funguo, na yeye akiiona husema moyoni, sawa, wakubwa wameniandika wanavyotaka.

Kulaumu wakubwa, mwenyewe aliamini, hakukuwa desturi yake tangu zamani, kulimjia pamoja na ujane. Miaka miwili nyuma mkewe aliugua, wakaenda hospitali, wakaambiwa faili lake halionekani, warudi Jumatatu. Wakarudi. Faili halionekani, rudini Jumatatu. Jumatatu ya tatu faili likaonekana, akalazwa, lakini la kuvunda halina ubani. Jumatatu iliyofuata hakukuwa na wa kurudi naye nyumbani.

Na kabla udongo wa kaburi haujakauka, simu ya marehemu ikaanza kulia. "Mama, hongera! Umechaguliwa kujaribu chai yetu ya kupunguza mwili." Kesho tena, mtondogoo tena. Faili la kumtibu walilipoteza, namba ya kumsumbua hawakuipoteza. Ndipo Mzee Funguo alipoielewa dunia, au alidhani ameielewa. Simu ile hakuizima. Aliichaji kila Jumapili na kuibeba mfuko wa shati, upande wa moyo, kama mtu anayebeba ndege aliyelala.

Ofisi ya kituo ilikuwa na watu wawili. Mmoja ni mwenye kituo, mwalimu wa hesabu, mama mrefu wa miwani ambaye hata akicheka huonekana anasahihisha. Wa pili ni karani, binti wa ulimi mwepesi, aliyemwita Mzee Funguo babu na kumtania kama babu.

"Babu, leo tumepata wageni arobaini na wawili," karani alimwambia siku moja, macho kwenye kompyuta.

"Wapi? Nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Hajapita hata paka."

"Wamepita huku." Akagonga kioo kwa ukucha. "Kwenye tovuti."

"Na miguu yao?"

"Miguu gani tena?"

"Mtu akipita huacha tope. Mimi ndiye ninayefagia, nayajua."

Karani akacheka mpaka kiti kikazunguka. "Hawa nao wanaacha, babu. Saa waliyoingia, simu waliyotumia, ukurasa waliofungua. Wengine wanaacha jina na namba wapigiwe. Sasa na sisi tuna kufagia kwetu, usidhani uko peke yako."

Maneno yale yalimkaa. Tangu siku hiyo, akiwa amekaa kwenye kiti chake juu ya ngazi, alikuwa akiwawaza wageni arobaini na wawili wasio na miguu wakipanda bila kugusa ngazi, wakimpita begani kama upepo wa pazia, kila mmoja akishika jina lake mkononi, akitafuta pa kuliweka. Na yeye mlinzi wa mlango, hamwoni hata mmoja. Kazi gani hii?

Kufagia kwao kulikuwa Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, alasiri. Ukutani mwa ofisi mwalimu alikuwa amebandika karatasi yenye mistari mitatu: *Hatuchukui tusichokihitaji. Hatukai nacho kuliko muda tulioahidi. Hatumpi asiyehusika.* Basi siku hiyo karani alifungua orodha ya wote walioacha jina kwenye tovuti, naye mwalimu akapakata daftari la wanafunzi magotini. Karani anasoma namba, mwalimu anaangalia kama mwenye namba amejiandikisha. Aliyejiandikisha anabaki. Asiyejiandikisha, miaka miwili ikipita, anafutwa.

Na walikuwa waangalifu, usiseme. Kompyuta imefungwa kwa mnyororo mezani kama mbuzi. Uso wake umegeuziwa ukuta ili mzazi anayeingia asione kitu. Neno la siri wanalijua wao wawili tu. Lakini namba walizisoma kwa sauti, mlango wazi kwa sababu ya joto, na Mzee Funguo anafagia chini ya meza. Ndivyo watu walivyo: chumbani akiwamo mfagiaji, wao huhesabu hamna mtu.

Ijumaa moja alikuwa ameinama akivuta vumbi la pembeni mwa kabati. Karani anasoma, mwalimu anajibu, sauti zao zinapokezana kama watu wanaotwanga. Abaki. Afutwe. Afutwe. Usingizi mwepesi ulikuwa unamnyemelea pale pale aliposimama.

"...sita, sita, mbili," karani akasoma. "Mtoto wa darasa la nne. Huyu nilimpigia mzazi wake mara tatu, hapokei. Miaka miwili inatimia leo."

"Afutwe," mwalimu akasema.

Ufagio ukaanguka.

"Msifute," Mzee Funguo akasema. Sauti ilitoka nzito, hata yeye hakuitambua. "Hiyo namba ni ya mke wangu."

Chini mafundi walikuwa wanaingiza vioo ndani, na mwanga wa jioni ulipita darini mara moja, polepole, kisha ukazimika.

"Babu," karani akanong'ona, "marehemu?"

"Nina mke mwingine? Hebu soma tena. Mtoto wa darasa la nne, mtoto wa nani? Sisi hatukujaliwa mtoto."

Hapo ndipo kisu kilipokuwa. Miaka thelathini na mmoja waliishi wawili. Ndugu walisema, majirani walisema, mashangazi walileta majina ya wanawake wengine kama watu wanaouza ng'ombe, naye akawafukuza wote. Kumbe kuna mtoto? Akahesabu pale pale kwa vidole, mgongoni. Darasa la nne ni miaka kumi. Miaka miwili imepita, kumi na miwili. Na miaka kumi na miwili nyuma, au kumi na mitatu, mkewe alikwenda kumwuguza shangazi yake, akakaa huko miezi sita. Miezi sita.

"Nionyesheni alichoandika," akasema.

Mwalimu akavua miwani, akaivaa tena. "Mzee wangu, pole sana. Kwanza kosa ni letu, hatukupaswa kuzisoma kwa sauti. Hilo nalibeba mimi. Lakini kukuonyesha siwezi."

"Mimi ni mumewe."

"Najua. Ni mumewe, lakini si yeye. Wapo wanaotuandikia jambo ambalo hata nyumbani hawajalisema. Tuliwaahidi. Na kama ni habari ya mtoto, ndiyo kabisa, mtoto naye ana wake wa kumlinda."

"Umlinde na mimi? Mimi ninayewafungulia mlango miaka sita?"

"Yeyote yule. Hata angekuwa mama yangu."

"Haya!" Mzee Funguo akacheka kicheko kikavu. "Wakubwa nyote chungu kimoja. Wale walimpotezea karatasi, ninyi mmemficha kwenye kompyuta. Mtu wa chini akiuliza habari za mkewe anaambiwa ngoja nje."

Mwalimu alichukua daftari jembamba lenye jalada jekundu, lile aliloliita daftari la makosa, akaandika huku akisema polepole, kama anavyowafanyia wanafunzi: "Leo tumesoma namba za watu kwa sauti mbele ya mtu asiyehusika."

"Asiyehusika!" Mzee Funguo alilishika neno lile kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. "Andika! Andika na tarehe."

"Nitakachofanya," mwalimu akasema, "sitamfuta leo. Nitasimamisha mpaka Jumatatu saa kumi, nifikiri. Kupita hapo nitakuwa nimevunja tuliyowaahidi watu."

"Jumatatu," akasema Mzee Funguo. "Hata wewe unaniambia Jumatatu."

Akaokota ufagio, akashuka ngazi, funguo zikilia kiunoni.

Jumamosi mchana alijilaza, na katika usingizi wa mchana, ule unaokuja na jasho shingoni, akajikuta kwenye chumba cha kusomea namba mbili. Viti vidogo vimejipanga. Kwenye kiti cha mwisho amekaa mtoto, amempa mgongo, ameinamia daftari. Mzee Funguo akazunguka amwone uso. Mtoto akageuka na kiti chake, mgongo tena. Akazunguka upande wa pili, mgongo. Darini maji ya mwanga yanatembea, na wageni wasio na miguu wanapita kati ya viti, na mmoja wao ana kanga aliyoijua, ina alama ya pasi pembeni, mahali alipoiunguza yeye mwenyewe kwa mkono wake siku alipotaka kuonyesha kwamba mwanamume anaweza kupiga pasi. Akataka kumwita. Sauti haikutoka. Akaamka na jina lake mdomoni, halijatafunwa.

Alikaa kitandani akimchukia mkewe. Kisha akajichukia kwa kumchukia. Maiti hana mdomo wa kujitetea, na yeye amemfungulia kesi.

Jumapili akaichaji simu kama kawaida yake. Akatoka nayo barazani, akakaa penye kivuli cha ukuta. Akakumbuka jambo. Siku mbili kabla ya kulazwa, mkewe alikuwa akikaa hapo hapo, miguu ameinyoosha, simu kaishika kwa mikono miwili, kidole kimoja kinatafuta herufi. "Unafanya nini, mama?" "Nacheza." "Unacheza nini, mtu mzima?" "Kwani mchezo una umri?" Naye akapita akaenda zake. Mchezo hauna umri. Angekaa chini dakika moja tu, angeona.

Jina la tovuti alikuwa nalo kichwani. Limeandikwa kwenye kibao cha mlangoni, na kibao chenyewe ndiye anayekifuta vumbi. Akaliandika herufi moja moja. Ukurasa ukafunguka, picha ya vile viti vidogo ikatokea, naye akashtuka kidogo, kama mtu aliyeingia kazini kwake kwa dirisha.

Chini kabisa palikuwa na maneno madogo: Tunavyotunza habari zako. Akayagusa.

Aliishia darasa la nne. Mwaka ule shule yao ilifungwa, wakubwa wakasema itafunguliwa muhula ujao, na muhula ujao haujafika hadi leo. Kusoma anasoma, lakini kama mtu anayevuka mto kwa mawe: anasimama juu ya neno, anatazama linalofuata, anaruka. Midomo ikitembea. Nyumbani mkewe ndiye aliyekuwa akisoma, barua, dawa, risiti, na yeye akijifanya amesahau miwani. Miwani hakuwa nayo.

Basi akaanza kuvuka. Alisoma kwamba kituo kinaandika saa ambayo mgeni aliingia lakini hakimwandiki ni nani. Alisoma habari za vidakuzi, akadhani ni wadudu, akasoma tena akaelewa kuwa ni alama ndogo ambayo tovuti inaiacha kwenye simu ya mtu ili akirudi itambuliwe, na kwamba mtu anaruhusiwa kuzikataa. Alisoma kwamba majina hayauzwi. Hapo akatulia, akaitazama simu, akawaza wale wa chai. Jua likahama, akahamisha kiti. Jirani akapita akasalimia, akajibu bila kuinua macho. Karibu na mwisho kabisa, mahali ambapo haendi mtu, akakuta hivi:

*Kila mtu aliyeandikwa humu, awe aliandika mwenyewe au aliandikwa na mwingine, ana haki ya kuona kilichoandikwa juu yake, kukisahihisha, na kutaka kifutwe.*

Akaisoma mara tatu. Ni nzuri, akasema, lakini ni ya wenyewe. Mimi sikuandikwa.

Akarudi mwanzo, akafungua ile fomu, apate kuona tu mlango alioupitia mkewe. Fomu ilikuwa fupi. Jina lako. Alipoigusa nafasi ile, chini ya kidole chake, taratibu, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia, likatokea jina la mkewe. Hakuliandika yeye. Simu yenyewe ililikumbuka, kwa kuwa vidole vyake marehemu viliwahi kuliandika pale. Nywele zikamsimama. Namba ya simu: sita, sita, mbili, ikatokea. Sasa ikaja nafasi ya tatu: Jina la mtoto atakayesoma.

Kidole kikabaki hewani. Akamtazama yule mtoto wa ndotoni, mgongo ameupinda juu ya daftari. Geuka basi, akamwambia. Nimechoka kuzunguka.

Akagusa.

Likatokea jina lake yeye. Lote, matatu, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Alikaa barazani mpaka jirani yule akarudi alikotoka na kumsalimia upya, naye akapokea salamu kwa machozi, jirani akaenda zake akijua huyu mzee anazidi kupotea.

Jumatatu asubuhi hakufagia. Alifungua milango, akaingia ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Mwalimu, nimekuja kudai."

"Mzee wangu, nimelala nikifikiria jambo lako, na bado..."

"Usifikiri. Mstari wa tatu toka mwisho. Kila mtu aliyeandikwa humu, awe aliandika mwenyewe au aliandikwa na mwingine, ana haki ya kuona kilichoandikwa juu yake." Alikuwa ameushika kwa moyo.

Karani akageuza kiti. "Babu, umeisoma ile? Yote?"

"Mpaka mwisho. Hata vidakuzi."

"Makubwa! Watu mia tisa wamebonyeza kwamba wameisoma, wewe ndiye wa kwanza. Hata mwenyewe aliyeiandika sidhani kama..." Akaona jicho la mwalimu, akameza.

"Na aliyeandikwa ni mimi," Mzee Funguo akasema. "Huyo mtoto wa darasa la nne, ndimi."

Mwalimu akanyoosha mkono. "Kitambulisho."

"Kitambulisho? Kwangu mimi?"

"Kwako wewe. Ningemwomba hata..."

"Hata mama yako. Najua." Akakitoa. Mwalimu akalisoma jina lile kwa sauti ya chini, akafungua kompyuta, akatazama, akatazama tena kitambulisho. Akakirudisha kwa mikono miwili.

"Miaka sita," akasema, "nakuita kwa jina la chuma." Akaugeuza uso wa kompyuta, kwa mara ya kwanza tangu kompyuta ile iingie pale, ukatazama chumba. "Nikusomee?"

"Hapana."

Akavuta kiti. Nafasi ya darasa, mkewe alikuwa ameandika: la nne. Ndiyo kweli yenyewe, fomu iliuliza darasa naye akajibu darasa. Na chini yake, kwenye nafasi ya maelezo:

*Anaona haya lakini ana akili kunishinda. Akisoma midomo yake hutembea, tafadhali msimcheke. Namsomea mimi lakini sitaweza kumsomea siku zote. Hulaumu kila mtu, msimjali, moyo wake mweupe. Naomba mwalimu mpole, saa kumi, akishamaliza kazi zake. Msimwambie ni mimi niliyemwombea, atanuna.*

Alivuka jiwe moja baada ya jingine. Hakuna aliyemharakisha. Chini mafundi walitoa kioo kikubwa, na mwanga ukapanda, ukaingia, ukatembea darini, ukashuka ukutani, ukapita juu ya maneno yale mpaka hayakusomeka, naye akangoja upite, kisha akaendelea. Alipofika kwenye atanuna akatoa sauti ambayo karani alidhani ni kikohozi.

Aibu ilimshika kuanzia utosini mpaka unyayoni. Miezi sita ya kumwuguza shangazi, mwanamke wa watu alikuwa anamwuguza shangazi.

"Nilipiga mara tatu, babu," karani akasema, kamasi zimemjaa. "Nikaona darasa la nne, nikaona akisoma midomo hutembea, nikajua ni mtoto. Hakupokea."

"Alikuwa wodini. Waliamuru simu zizimwe, ikakaa kwenye mfuko chini ya kitanda." Akamgeukia. "Nawe usilie. Hukukosea sana."

Mwalimu akasema, "Sasa ni juu yako. Waweza kuchukua nakala. Waweza kutaka tuiache. Waweza kutaka tuifute."

Moyo wake wa Ijumaa ungesema iacheni, ikae humo hadi kiama. Jina lake liwe na pa kukaa. Lakini akaigusa simu kwenye mfuko wa shati, akawaza wale wa chai, jinsi jina la mtu linavyosahauliwa mahali, mlango ukabaki wazi, akaja mwingine akalizoa.

"Wewe leo ni mwaminifu," akamwambia mwalimu. "Kesho atakuja mkubwa mwingine kwenye kiti hicho, namjua? Nipe nakala. Kisha nionyeshe pa kufutia. Hospitalini walimpoteza, hawakumfuta. Nataka safari hii aondolewe na mtu anayemjua."

Mashine ikatema karatasi, ina joto bado. Akaikunja mara nne, akaiweka pamoja na simu. Karani akamwonyesha kwa kidole, naye akabonyeza. Mstari ukatoweka, mistari ya juu na ya chini ikasogeleana, kama watu kwenye benchi mwenzao akiondoka.

Akasimama, lakini hakutoka.

"Bado moja. Imeandikwa kuona, kusahihisha, na kufuta. Nimeona, nimefuta. Lete lile daftari jekundu."

Mwalimu akalifungua penye Ijumaa. Mzee Funguo akachukua kalamu, akalitafuta neno asiyehusika, akalikata kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa herufi kubwa zilizoinama kama mabua, akiziumba moja moja na midomo ikitembea, akaandika: mume wake.

Hakuna aliyecheka.

Saa kumi kamili, ubao umefutwa na ngazi imefagiliwa, alikuwa amekaa chumba namba mbili, kiti cha mwisho, magoti yamefika karibu na kidevu. Mwalimu mwenyewe alivuta kiti mbele yake na kuweka kitabu. Simu ikalia mfukoni.

"Mama, hongera! Umechaguliwa kujaribu chai yetu ya..."

"Mama hayupo," Mzee Funguo akasema. Miaka miwili alikuwa akikata simu hizi kwa tusi, tena tusi la nguoni. Leo alizungumza taratibu, kama anayesoma. "Mimi ni mumewe. Namba hii mliipata kwa nani?"

"Eeh... ipo kwenye orodha, mzee."

"Orodha hiyo nataka kuiona, mlichoandika juu yake. Kisha mkifute. Kila mtu aliyeandikwa ana haki hiyo."

Upande wa pili ikasikika sauti ya chumba kikubwa, watu wengi wakiwapongeza watu wengi kwa wakati mmoja, mbali, kama mvua.

"Ngoja nimwulize bosi," yule wa chai akasema.

"Mwulize," akasema Mzee Funguo, akaiweka simu wazi juu ya meza ndogo, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza. "Mimi nipo."